Fedha za umma za kampeni Marekani: si kila mgombea hupewa

Wengi huamini kwamba katika majimbo ya Marekani yanayogharimia kampeni kwa fedha za umma, ukichukua fomu tu unalipwa. Sivyo ilivyo. Katika jimbo la Maine, ambako wapigakura waliupitisha mfumo huu mwaka 1996, anayewania Baraza la Wawakilishi la jimbo hukusanya kwanza michango isiyopungua 60 ya dola 5 kutoka kwa wapigakura walioandikishwa katika eneo lake. Dola hizo huingia kwenye mfuko wa jimbo, si mfukoni mwake. Mchangiaji akiwa wa eneo jirani, mchango wake hauhesabiwi. Kwa hiyo, heri kukusanya ziada. Jimbo la Arizona nalo, ili kupata fedha za mfumo kama huu, hutoza nyongeza ya 10% juu ya faini. Ukitaka kuhakiki jinsi fedha hizo zinavyotumika, soma ripoti za matumizi ya mgombea kwenye tovuti ya jimbo.