Timu Ikiuzwa, Pesa Haiendi kwenye Timu

Kazi yangu ni mikataba ya kuuza na kununua kampuni. Kila klabu kubwa ya Uingereza inapopata mnunuzi, wateja wangu wanasahau mambo yao na kunipigia simu: "Wakili, tajiri kamwaga mabilioni, sasa tunasajili!" Nimeeleza hadi sauti imekauka. Naandika ili nikipigiwa tena niwe natuma maandishi haya.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hiyo hiyo: kwamba bei ya kununua timu inaingia kwenye timu. Haiingii. Anayelipwa ni mwenye hisa anayeuza. Ukinunua daladala ya jirani, pesa uliyompa jirani haibadilishi tairi hata moja.

Chukua Chelsea, Mei 2022. Kundi la wawekezaji Wamarekani, Todd Boehly na kampuni ya Clearlake, lilitajwa kuinunua klabu kwa pauni bilioni 4.25, na mashabiki wakaanza kuhesabu mastraika. Fungua hesabu uone. Pauni bilioni 2.5 zilikuwa bei ya hisa. Muuzaji, Roman Abramovich, alikuwa ameshawekewa vikwazo na serikali ya Uingereza, kwa hiyo fedha hizo zilipelekwa kwenye akaunti iliyozuiwa, kwa kusudi la kuwasaidia waathirika wa vita ya Ukraine. Stamford Bridge, nyumbani kwa Chelsea, haikuonja hata senti. Zile bilioni 1.75 zilizobaki zilikuwa ahadi ya kuwekeza kwenye uwanja, akademia, timu ya wanawake na mengineyo. Ahadi ya kuwekeza inatekelezwa taratibu; haiji siku ya kusaini kwenye begi.

Manchester United ndiyo darasa lenyewe. Mwaka 2005 familia ya Glazer iliichukua klabu kwa takribani pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na mzigo wa mkopo ukaishia mgongoni mwa klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa haina deni ikaanza kulipa riba ya pesa zilizotumika kuinunua! Kwa hiyo tajiri mpya anaweza asilete kitu, tena akaondoka na kitu.

Halafu Agosti 2012 wakapeleka hisa kwenye soko la New York, dola 14 kwa hisa moja, zikapatikana kama dola milioni 233. Hapa naomba msomaji atulie. Nusu ya hisa zile zilikuwa mpya, zimetolewa na klabu. Pesa yake ikaenda kupunguza deni. Nusu nyingine zilikuwa za familia. Pesa yake ikaenda kwa familia. Siku moja, bei moja, na aliyenunua hakuona tofauti yoyote, ila klabu ilipata nusu tu.

Tajiri Mwingereza Sir Jim Ratcliffe alipoingia United Februari 2024 kwa kununua sehemu ya hisa, hadithi ilikuwa ya aina hiyo. Alilipa dola 33 kwa hisa, na fungu kubwa likaenda kwa Glazer na wanahisa wengine. Cha klabu kilikuwa dola milioni 300 kwa ajili ya miundombinu: 200 siku ya kukamilisha, 100 kabla mwaka haujaisha. Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki, na wateja wangu wanaujua kwa moyo: habari ya mauzo ikitoka, ruka bei, tafuta maneno "hisa mpya". Kama hayapo, lala usingizi, hakuna usajili utakaotokana na bei hiyo.

Nadhani kosa hili kwetu lina chanzo. Simba ilipomtangaza Mohammed Dewji mshindi wa zabuni Desemba 2017, kwa shilingi bilioni 20, hakukuwa na mtu mmoja anayeuza timu yake. Klabu ilikuwa ya wanachama, mwekezaji anakuja kuweka mtaji. Watu wakachukua picha hiyo wakaibandika Uingereza, ambako kuna muuzaji anasubiri chake.

Dhana nyingine ninazopigiwa simu nazipitia haraka.

"Mmiliki mpya anaanza upya, madeni ni ya yule wa zamani." Anayenunua hisa ananunua kampuni pamoja na uchafu wake. Wamiliki wapya wa Chelsea walikuta kasoro kwenye taarifa za fedha za kati ya 2012 na 2019, wakaziripoti wenyewe, na Julai 2023 klabu ikakubali kuilipa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, euro milioni 10. Walilipa waliokuwa hawajafika bado kosa lilipotendeka. Kwa wateja wangu wote: kagueni vitabu kabla, si baada.

"Mikataba ya wachezaji inavunjika." Mchezaji alisaini na klabu, na klabu ipo. Basi.

"Wakishasaini, timu ni yao." Ligi inampima mnunuzi kwanza. Dili la Newcastle lilijulikana Aprili 2020, wanunuzi wakajiondoa Julai, likaja kukamilika Oktoba 2021. Kampuni ya 777 Partners ilikubaliana kuinunua Everton Septemba 2023, ikakwama, na dili likafa katikati ya 2024; mwishowe waliochukua timu, Desemba mwaka huo, ni Friedkin Group. Mkataba wenye masharti ambayo hayajatimia ni karatasi nzuri tu.

"Mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli." Ratcliffe alipata chini ya asilimia 30 na bado mambo ya mpira yakakabidhiwa upande wake, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Someni mkataba, jamani, asilimia hazisemi kila kitu.

"Basi tajiri akitaka, atatoa mfukoni asajili yeyote." Kwa kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza za mwaka 2024, klabu haikuruhusiwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, hata mmiliki angekuwa na visima vya mafuta. Newcastle, yenye mfuko wa serikali ya Saudi Arabia nyuma yake, mwishoni mwa Juni 2024 iliwauza wachezaji Yankuba Minteh na Elliot Anderson harakaharaka, kabla hesabu za mwaka hazijafungwa, ili isivuke kikomo hicho.