Kutua na ndege ya kujiundia: pima kasi yako, usiazime ya kwenye michoro

Ndege ndogo ya kujiundia ikivunjika mguu wakati wa kutua, watu hukimbilia kukagua magurudumu. Mimi huuliza kwanza ilikuja na kasi gani, na rubani aliijuaje.

Michoro inakwambia bawa huacha kubeba kwenye noti 40 (kama kilomita 74 kwa saa). Namba hiyo ni ya ndege ya mbunifu. Yako ina uzito mwingine, pengine injini nyingine, na geji ya kasi umeifunga kwa mikono yako.

Anza na mipira (mirija ya hewa) ya geji hiyo, ambayo hulinganisha shinikizo la upepo unaoikabili ndege na la hewa tulivu ya nje. Mpira unaotoka kwenye tundu la ubavuni ukivuja nyuma ya dashibodi, geji inasoma shinikizo la ndani ya chumba cha rubani, ambalo angani kwa kawaida ni dogo kuliko la nje. Sindano inapanda juu ya ukweli: unaona 52, kumbe uko 47. Ukivuja mpira wa bomba linalokabili upepo, sindano inashuka, nawe unatua na kasi ya ziada bila kujua. Upande wa ubavuni unapimika chini, ndege ikiwa imesimama. Unganisha bomba la sindano la hospitali kwenye tundu, ziba matundu mengine, kisha vuta polepole mno mpaka altimita, yaani geji ya kimo, ipande futi 1,000. Bana mpira, ngoja dakika moja. Ikishuka zaidi ya futi 100, kuna mvujo. Achia hewa taratibu vilevile, maana kuachia ghafla kunaua geji.

Ndege ikishapata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, panda futi 4,000, shusha flapu (vibapa vya nyuma ya bawa), rudisha injini kwenye mzunguko wa chini kabisa, uinue pua ili kasi ipungue noti 1 kila sekunde. Andika sindano ilikuwa wapi bawa lilipoacha kubeba. Rudia mara tatu, kisha zidisha wastani kwa 1.3 upate kasi ya kuingilia uwanjani. Fanya hivyo ukiwa peke yako na pia ukiwa na mzigo kamili, kwa sababu tofauti si ndogo: ndege inayoacha kubeba kwenye noti 42 ikiwa na kilo 600 itafika karibu 38 ikiwa na kilo 500. Kasi za kuingilia uwanjani zinakuwa 55 na 50. Ukiwa peke yako ukaja na 55, umezidisha asilimia 10 ya kasi lakini asilimia 21 ya nishati. Ndege inaelea, uwanja unaisha, rubani anasukuma pua chini, gurudumu la mbele linagusa kwanza na ndege inadunda. Usifukuze midundo hiyo kwa usukani. Shikilia pua ilipo, peleka injini hadi mwisho, nenda ukazunguke upya.

Tanga ina mitego yake. Kwenye joto la nyuzi 32, hewa ya usawa wa bahari ni nyepesi kama ya futi 2,000 hivi, kwa hiyo ardhi inakimbia zaidi chini yako. Usibadilishe kasi ya sindano kwa ajili hiyo. Ongeza urefu wa uwanja unaouhitaji. Mchana upepo wa baharini ukichangamka, msitari wa minazi kabla ya uwanja unaukata ghafla, na ndege nyepesi hupoteza kasi papo hapo. Upepo ukiwa noti 12 na vishindo (mipigo ya ghafla) vya 20, ongeza nusu ya tofauti kwenye kasi ya kuingilia, yaani noti 4. Mwenye gurudumu la mkia ni heri atue kabla ya saa nne asubuhi, kwani upepo wa ubavuni ndio unaomgeuza mkia mbele.

Jambo jingine ni unyevu wa pwani. Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, huweza kushika barafu hata kwenye joto hili, hasa injini ikiwa imepunguzwa kwa kushuka. Fungua hewa ya moto kabla ya kupunguza injini, na uifunge unapoipeleka injini hadi mwisho kuzunguka upya, maana hewa ya moto inapunguza nguvu.