Nundu katoa baba, mama ni wa hapahapa

Juzi mnadani jamaa kanishika mkono kabisa, "Daktari, huyu ndo ng'ombe wetu wa asili, hao Frizian zenu ndo wa kuletwa, ona nundu ilivyojaa maji." Nimeisikia hiyo mara nyingi mno, leo naiandika.

Maji tuyamalize haraka. Nenda buchani waikate nundu mbele yako: ni msuli, nyama nyekundu imepishana na mafuta meupe, kisu kinatoka kinateleza. Hakuna maji mle.

Sasa asili. Zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, walianzia kufugwa pande za bonde la Indus, kule Mehrgarh, Pakistan ya leo, kama miaka 8,000 iliyopita. Wasio na nundu walifugwa kwingine, Mashariki ya Kati, mapema zaidi. Hizo ni koo mbili za ng'ombe mwitu zilizoachana zamani sana kabla ya mtu yeyote kujenga zizi, kwa hiyo msiniambie nundu imeota sababu ya jua letu.

Ila nikisema hivyo watu wanarukia upande wa pili, "kumbe hawa ni Wahindi tu!" Jamani, hapana, na hapa ndo panaponiuma. Wapime ng'ombe wetu mitokondria, sehemu ya seli yenye vinasaba ambavyo ndama anarithi kwa mama, utakuta ya ng'ombe wasio na nundu. Pima kromosomu Y, ya baba, utakuta ya zebu imejaa tele. Yaani walioenea sana ni madume wa zebu, na dume mmoja anapanda majike mangapi kwa mwaka? Mtamba akizaliwa naye anapandwa na dume wa nundu, na binti yake hivyohivyo, vizazi vichache tu nundu imesimama lakini ukoo wa mama haujakatika. Kama majike wale wasio na nundu walichanganyika pia na ng'ombe mwitu wa Afrika bado tunabishana, mimi naegemea kwamba walichanganyika.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ya miaka ya 1890 ikamaliza mazizi, watu wakaanza upya, zebu wakazidi kuenea. Kwenye mbung'o wengi Afrika Magharibi, ng'ombe aina ya N'Dama hana nundu mpaka leo maana anahimili nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kuliko zebu.

Halafu sanga, mchanganyiko wa zebu na wasio na nundu, kama Ankole, vitabu vinasema nundu yake iko shingoni na ya zebu iko mabegani, basi. Mimi zizini naona nundu zimekaa katikati, nashindwa kuandika huyu ni yupi.

Yule jamaa nikamwambia ng'ombe wako wa hapa kweli, kwa mama. Akauliza, na baba? Nikamwambia huyo nundu yake imetoka Indus.