Dereva Hajafyonza: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ulaji wa Dizeli wa Pikapu

Kila mwenye pikapu Mombasa ana namba yake kichwani. Kilomita kumi na mbili kwa lita. Kumi na nne. Wapo wanaoapa kumi na sita, na ukiwauliza ni kwa barabara gani na mzigo gani, mara simu yao inaita. Namba hizo zingebaki porojo za barazani lau hazingetumiwa kuhukumu watu. Tajiri anamtilia dereva lita 20 asubuhi pale Kongowea, jioni anasoma kilomita kwenye dashibodi, anagawanya kwa simu, anapata nane. Yeye alikuwa na kumi na mbili yake. "Lita zangu sita na zaidi ziko wapi?" Dereva hana la kujibu ila kuapa, na kiapo cha dereva hakina uzito mbele ya kikokotoo.

Wafyonzaji wa mafuta wapo, sikatai. Lakini mara nyingi mafuta hayo yameliwa na gari lenyewe, mahali ambapo tajiri hakuwa akitazama. Na kinachomfanya asitazame ni dhana kama hizi.

"Kitabu kimesema kumi na nne"

Kimesema, ndiyo. Ila nani alipima, na alipimia wapi? Namba nyingi za ulaji wa pikapu zilizo kwenye vitabu na vipeperushi vya mauzo zilitokana na jaribio la Ulaya liitwalo NEDC. Gari halikutoka hata nje. Lilifungwa juu ya rola zinazozunguka ndani ya maabara yenye nyuzijoto kati ya 20 na 30, AC imezimwa, nyuma hakuna mzigo. Kwa muda usiofika dakika 20 lilitembea kama kilomita 11, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 hivi kwa saa, likagusa 120 kwa sekunde chache, mtihani ukaisha. Mwaka 2017 Ulaya ilianza kuleta jaribio jipya, WLTP, refu zaidi na lenye mwendo wa kasi zaidi, kwa sababu namba za zamani zilikuwa zimeachana mno na barabara. Hata hilo jipya halijawahi kukutana na Changamwe saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo pikapu ya injini ya lita 2.4 au 2.5 iliyoandikiwa 14, ikikupa 10 au 11 barabara kuu na mzigo wa kiasi, haina ugonjwa. Mjini ikikupa nane, bado haina ugonjwa. Land Cruiser 79 yenye ile injini kongwe ya lita 4.2 isiyo na turbo (feni ya kuisukumia injini hewa), saba au nane ndiyo desturi yake hata barabarani, na wanaoipenda hawakuipendea mafuta.

"Dizeli ikiunguruma tu haili kitu"

Hapa ndipo madereva wengi wanapopotezea kazi, kwa hiyo tukae kidogo.

Dhana hii ina mzizi wa kweli. Injini ya petroli hupunguzwa nguvu kwa kubanwa hewa, ilhali ya dizeli huvuta hewa yake bila kubanwa na kupunguziwa mafuta peke yake. Ndiyo maana dizeli ikiunguruma bila kazi hula kidogo kuliko petroli ya ukubwa ule ule. Lakini kula kidogo si kutokula. Injini ya lita 2.5 ikiunguruma mahali pamoja hutumia nusu lita hadi lita moja kwa saa, na ukiwasha AC, kama ambavyo kila mtu huwasha Machi, unakaribia upande wa juu.

Sasa chukua siku moja ya kazi ya mjini. Kilomita 60 jumla: Kongowea, Bamburi, kurudi kisiwani, Likoni. Tuseme gari likiwa linatembea hula lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita sita. Ongeza saa mbili za kusimama, darajani Nyali, mzunguko wa Changamwe, foleni ya feri, kwa lita 0.7 kwa saa. Imekuwa lita 7.4. Gawanya: kilomita nane kwa lita. Hakuna aliyeiba hata kijiko. Wakati wote ule mafuta yalikuwa yakishuka na kihesabu cha kilomita kimelala, na tajiri aliye nyumbani anaona kilomita tu, haoni saa.

Na hesabu hiyo imefanya upole, kwa sababu foleni yetu si ya kusimama kabisa. Unasogea hatua tano, unashika breki, unasogea tena hatua tano, na kila ukiondoka unalisukuma upya gari la tani mbili na zaidi kisha unaiyeyusha ile nguvu yote kwenye breki. Mwenye kutoka Miritini kwenda Ukunda siku hizi anaweza kupita Dongo Kundu asiione feri kabisa. Mwenye mzigo wa kisiwani bado ana mtihani wake.

Mle mle mna desturi ya kupasha injini moto robo saa kila alfajiri. Usiku wa Mombasa hauna baridi ya kuhitaji hayo. Washa, subiri nusu dakika mafuta ya injini yapande, ondoka polepole. Injini hupata moto haraka zaidi ikitembea. Kinachostahili subira ni turbo baada ya safari ya kasi au mlima wenye mzigo: iache iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

"Ni ule mlima wa Nairobi unaomaliza mafuta"

Kutoka baharini hadi Nairobi unapanda karibu mita 1,700, na watu hudhani kupanda huko ndiko kunakotafuna tangi. Hesabu ya penseli inasema vingine.

Pikapu yenye watu na vitu vyao, jumla tani mbili na nusu, kuinuliwa mita 1,700 kunahitaji nishati ya kama megajuli 42. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na tukichukulia kwamba theluthi moja ndiyo inayofika magurudumuni, mlima wote umekugharimu lita tatu na nusu. Safari ni kilomita 480 na ushei, na kwa kilomita 10 kwa lita unatumia karibu lita 48. Mlima ni sehemu ndogo.

Tani moja zaidi ya mzigo nyuma? Kuipandisha na kuiviringisha njia yote, jumla ni lita tano hivi.

Upepo ndio wenyewe. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 90 hadi 110 kwa saa unaongezeka karibu nusu nzima. Kwa umbo la pikapu, ambalo ni kabati lililosimamishwa mbele ya upepo, tofauti hiyo njia nzima ni kama lita nane. Yaani anayekanyaga 110 badala ya 90 anachoma mafuta kumshinda aliyebeba tani moja, na kuzidi mara mbili ya alichokula mlima. Halafu mwendo wenyewe huupati kwa utulivu. Kati ya Mariakani na Voi kuna malori ya bandari yaliyofuatana, unapunguza nyuma ya moja, unakanyaga mpaka chini ulipite, unalikuta lingine. Ukifika Mtito Andei, aliyekuja na 90 anaegesha wewe hujamaliza chai.

"Ukiteremka weka frii, utaokoa"

La. Ukiteremka gia ikiwa imo na mguu umeuondoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini na pampu hukata mafuta kabisa. Hata zile pampu za zamani za kimakanika hufanya hivyo. Ukiweka frii, yaani gia isiyounganisha injini na magurudumu, injini inabidi ijilishe ili isizime. Unalipa mafuta, na unapoteza breki ya injini juu yake.

"Nozeli zimekufa"

Gari likianza kula, gereji nyingi hukimbilia nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, na pampu, kazi za pesa nyingi. Huenda ni kweli, hasa kama kuna moshi mweusi na nguvu imepungua. Lakini kwa mji wenye upepo wa chumvi kama huu, mimi ningeanza na breki. Pini za kalipa, kile kibano cha breki, hushika kutu, breki inashika haiachii sawasawa, na gari linatembea likiwa limevutwa kwa nyuma siku nzima bila dereva kujua, kwa kuwa dizeli, hata ikizunguka polepole, ina nguvu ya kutosha kulificha jambo hilo.

Kupima hakuhitaji mashine. Tembea kilomita kumi hivi ukitumia breki kidogo, simama, kisha peleka mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto la kukutoa mbio na mwenzake upande wa pili ni vuguvugu, umempata. Au inua kwa jeki gurudumu la mbele moja moja, gia ikiwa frii, uzungushe kwa mkono. Lisilo na shida huenda mzunguko. Lililoshikwa husaga, shrrr, na kukwama robo njia. Linganisha kushoto na kulia. Kusafisha pini na kupaka grisi ni kazi ya asubuhi moja.

Upepo wa tairi nao huangaliwa gari likiwa baridi, asubuhi, si baada ya kutoka Mtwapa mchana. Namba ya kufuata imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

"Nilipoweka tairi kubwa gari likaanza kula"

Nusu kweli, na nusu nyingine ni kihesabu kukudanganya. Ukitoka tairi za 265/65 R17 ukaenda 265/70 R17, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3.4. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na kihesabu hakijui umebadilisha. Kikikuandikia 500, umetembea 517. Mafuta uliyagawanya na kilomita pungufu. Hata hivyo tairi nzito za matope zenye meno makubwa zina ulaji wao wa kweli kwenye lami, na kwa mtu ambaye matope yake ni ya Kisauni siku mbili za masika, sioni haja.

"Jaza alfajiri, mafuta yakiwa mazito"

Dizeli hutanuka chini ya asilimia moja kwa nyuzijoto 10. Kwa tangi la lita 80 hiyo ingekuwa zaidi kidogo ya nusu lita, kama mafuta yangekuwa yanakaa juani. Yanakaa ardhini, ambako joto la mchana haliyafikii kwa siku moja. Lala.

"Dizeli ya Mombasa ni rahisi kwa sababu ni hafifu"

Bei ya Mombasa huwa chini kwa sababu shehena inashukia hapa, Kipevu. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayosukumwa kwa bomba hadi Nairobi, kazi iliyoanza mwaka 1978, na wa huko wanalipia safari yake. Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya hutakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, pwani na bara sawa. Dizeli hafifu ipo, lakini huwa imechanganywa na mafuta ya taa njiani au kwenye kituo. Ni mchezo uliokithiri hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili mchanganyaji asione faida. Mafuta ya taa yana nishati pungufu kidogo kwa lita, na hayana ulainisho ambao pampu ya dizeli inautegemea. Pampu ikifa, hutaikumbuka tena ile nafuu.

"Binamu yangu Marekani anapata ishirini"

Ishirini maili kwa galoni ya Marekani ni kilomita 8.5 kwa lita. Kwa galoni ya Uingereza, ambayo ni kubwa zaidi, ni 7.1. Na yale mapikapu makubwa ya dizeli ya huko, yanayozidi pauni 8,500 kwa uzito wa juu ulioruhusiwa, hayapewi hata namba rasmi ya ulaji na serikali yao, kwa hiyo binamu naye anaisoma ile ya dashibodi. Kompyuta ya dashibodi ina mazoea ya kukupendeza.

"Nilijaza, nikagawanya, nimepata"

Umepata namba ya jaza moja, nayo haitoshi kumfukuza mtu. Dizeli hutoa povu. Ukitia kwa kasi, povu linapanda shingoni mwa tangi na pampu inajikata mapema. Ukimwambia mhudumu apunguze na asubiri povu lizame, pengine lita moja au mbili zaidi zinaingia. Kwa lita 20, mbili ni asilimia 10, zinazotosha kulifanya gari la kumi lionekane la tisa au la kumi na moja bila chochote kubadilika.

Kwa hiyo pima kwa tangi lililojaa hadi tangi lililojaa, si kwa lita 20 zilizotiwa juu ya mafuta ambayo hujui yalikuwa kiasi gani. Usishike namba mpaka umejaza mara nne au tano, kisha jumlisha kilomita zote na lita zote ndipo ugawanye. Dereva aandike njia, mzigo, na saa alizokaa foleni. Mjini na barabara kuu viwe kurasa mbili. Jazeni kituo kile kile, pampu ile ile, gari likiwa limesimama tambarare, kwa sababu likiinamia upande wa kifuniko pampu hujikata kabla tangi halijajaa.