Je, wajua kwa nini mita 18 za Kigoma sio sawa na mita 18 za Zanzibar?

Juzi nilikuwa Kibirizi hapa Kigoma naangalia mitumbwi ya dagaa inashusha mzigo, kijana mmoja katoka kusomea kuzamia na mtungi huko Zanzibar ananiambia bro mimi nina cheti cha mita 18, ziwa letu hili nalimaliza, kozi ya pili, hiyo advansi, ya nini, si kuliwa hela tu. Nikacheka, maana Tanganyika ina kama mita 1,470 kwenda chini, utalimaliza vipi. Ila swali lake ni la haki.

Kwanza hilo jina la advansi linadanganya watu. Sio kozi ya mabingwa. Kwa PADI, shirika linalotoa vyeti vya uzamiaji, ni kuzamia mara 5 na mwalimu yuko pembeni, mbili za lazima ni kina kirefu na kutafuta njia kwa dira, tatu unachagua mwenyewe, halafu unaruhusiwa kufika mita 30. Wengi wanaona wamenunua kibali cha kwenda chini zaidi basi, mimi naona hapo ndo wanapokosea.

Angalia hewa tu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa bari 200 una lita kama 2,400 za hewa, ukivuta lita 20 kwa dakika juu ya maji una saa 2. Shuka mita 10, mgandamizo umeongezeka mara mbili, imebaki saa 1. Mita 30 ni mara nne, yaani dakika 30, na hapo hujaweka akiba ya kupandia, na mgeni akishtuka anahema kama kapandisha mlima na gunia la mawese kichwani, hizo dakika 30 zinayeyuka. Kibaya zaidi, kuanzia kina hicho nitrojeni iliyomo kwenye hewa unayovuta inaanza kulewesha, unaisoma geji vizuri kabisa lakini namba haikuingii. Ndo maana mwalimu anakupa kahesabu kadogo hukohuko chini uone ulivyo mzito, na kitambaa chekundu uone kinavyogeuka kahawia. Bora ujijue umelewa ukiwa na mtu kakushika kuliko ujijue peke yako.

Sasa turudi kwetu. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na wazamiaji wanahesabu kuanzia mita 300 tu kwamba huko ni kuzamia mlimani. Ndio, ufukweni Kigoma, miguu ipo kwenye mchanga, uko mlimani. Hewa ya juu ya maji ni nyepesi kuliko ya Zanzibar, kwa hiyo ukipanda kutoka chini mgandamizo unapungua kwa mara nyingi zaidi na nitrojeni iliyolala mwilini inatoka kwa fujo zaidi, kama soda uliyoifungua ghafla. Kwenye jedwali la baharini, lile linalokuambia ukae chini muda gani, mita zako 18 inabidi uzisome kama 19 au 20. Kompyuta za kuzamia, zile za kuvaa mkononi kama saa, nyingine zinajirekebisha zenyewe, nyingine mpaka uziseti, na kijana wangu hakujua ya kwake ni ipi.

Maji ya ziwa yasiyo na chumvi nayo hayakuinui kama ya chumvi, ukivaa mkanda uleule wa vizito wa Zanzibar unashuka kama jiwe, punguza kilo 2 au 3.

Halafu akaniambia kesho anazamia asubuhi, jioni anapanda treni ya Tabora. Hapo nikamshika mkono. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi. Kunywa maji ukiwa Kasulu, funga chupa tupu, shuka nayo Kigoma mjini, utaikuta imebonyea, ndo tofauti ya hewa hiyo, na mwili wa aliyetoka kuzamia unaisikia kinyumenyume. Kwa ndege wanashauri usubiri saa 12 baada ya kuzamia mara moja, 18 ukizamia mara kadhaa, kwa treni ya kupanda juu kwa nini uharakishe. Tiketi kasogeza mbele siku moja, kozi bado anaifikiria.