Plasenta: keki ya Warumi ndani ya mji wa mimba

Neno plasenta, ambalo wakunga na madaktari hulitumia kila siku kwa kiungo kinachomlisha mtoto tumboni mwa mama, kwa Kilatini lilikuwa jina la chakula. Placenta ya Warumi ilikuwa keki bapa ya tabaka za unga, na katikati yake jibini ya kondoo iliyochanganywa na asali. Cato, Mrumi wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ameacha maelekezo ya kuiandaa. Warumi nao walilipata neno kwa Wagiriki, walioita keki ya namna hiyo plakous, yaani kitu bapa. Hadi leo ukiagiza plăcintă nchini Romania unaletewa kitafunwa cha unga chenye jibini au tufaha ndani.

Ilifikaje tumboni? Mwaka 1559 kilichapishwa mjini Venice kitabu cha Realdo Colombo, mtaalamu wa anatomia wa Italia, na humo kiungo hiki kikafananishwa na keki ya mviringo. Ukikiona kwa macho hutamlaumu. Mimba ikitimia huwa duara na bapa kama chapati nene, upana wa sentimita 22 hivi, unene wa sentimita 2 na kitu, uzito karibu nusu kilo. Wajerumani husema Mutterkuchen, keki ya mama.

Kiswahili hakikutazama umbo. Tunasema kondo la nyuma, kwa kuwa hutoka nyuma ya mtoto. Mimi nalipenda zaidi jina hili, maana linakumbusha kazi iliyobaki: mtoto ameshalia, lakini uzazi haujaisha. Mkunga hungoja kondo litoke, kisha hulitandaza na kukagua upande uliokuwa umeshikamana na mji wa mimba, aone kama vipande vyote vipo. Kipande kikibaki ndani, mama anaweza kuvuja damu hadi kufa.

Sasa tazama placenta praevia. Prae ni mbele, via ni njia: iliyotangulia njiani. Kondo limejishikiza chini, likaziba mlango wa kizazi, na mtoto yuko juu yake. Kwa Kiswahili chetu, kondo la nyuma limekaa mbele. Dalili yake kuu ni kutokwa damu bila maumivu katika miezi ya mwisho, na likiziba mlango wote, mtoto hutolewa kwa upasuaji.