Presha Haijui Ukoo: Maswali Yanayonichosha Kliniki, Moshi

Presha ni nini?
Damu inasukuma mishipa kwa nguvu iliyopita kiasi. Ukipimwa siku tofauti na bado inasoma 140/90 au zaidi, unayo.

Si ugonjwa wa watu fulani? Sisi Wachaga tumekulia ndizi na maziwa.
Na chumvi je, na mbege, ile pombe ya ndizi? Benchi langu hukaliwa na Mchaga, Mpare, Mmasai na Mhindi, na mashine haijawahi kuniuliza ukoo wa mtu.

Mbona Weusi wa Marekani wanaumwa zaidi? Si damu yetu hiyo?
Wanaumwa zaidi, kweli, na urithi una sehemu yake. Lakini sikiliza walichofanya watafiti kule Los Angeles, matokeo yakatoka 2018. Walichukua wanaume Weusi 319 wenye presha, wateja wa saluni 52 za vinyozi. Kundi moja mfamasia aliwafuata palepale kwa kinyozi, akawapima na kuwapa dawa. Baada ya miezi 6 namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27. Kundi la pili kinyozi aliwashauri tu wabadili mtindo wa maisha na wamwone daktari. Ikashuka kwa 9. Rangi ni ileile, eneo ni lilelile. Waliofikiwa na dawa ndio walioshuka zaidi.

Kwa hiyo hospitali hazina ubaguzi?
Sijasema hivyo. Marekani, kanuni ya kukadiria kazi ya figo ilikuwa inamwongezea alama mtu Mweusi, figo ikaonekana nzima kuliko ilivyo, na wengine wakacheleweshwa kupandikizwa. Wataalamu wa huko walipendekeza 2021 rangi iondolewe kwenye hesabu hiyo.

Kichwa hakiniumi. Nipime ya nini?
Kwa sababu presha haiumi! Baba mmoja aliletwa kwa bajaji, mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia. Mfukoni ana kadi ya kliniki, tarehe ya mwisho miezi minane nyuma. "Alishapona," mkewe akaniambia. Hakupona. Dawa ndiyo iliyokuwa inaishusha.

Nikijisikia nafuu, nipumzishe dawa?
Hapana.

Hata wiki mbili tu?
Hapana. Zikikuletea kikohozi au miguu kuvimba, njoo tubadilishe. Usiziache nyumbani kimyakimya halafu unidanganye kwamba unameza.

Kitunguu saumu?
Weka kwenye mboga. Dawa meza.

Mdomo ukipinda ghafla, tuanze na maombi?
Ombeni mkiwa njiani. Yule baba alilazwa chumbani tangu asubuhi wakisema ni upepo mbaya, akafika kwetu jioni. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kuchanganyika ni dalili za kiharusi: hospitali, dakika hiyohiyo, hata kama zimeachia.

Nije nimefunga?
Kwa presha, kula tu. Ila kahawa usinywe nusu saa kabla, na ukifika mbio kutoka stendi, kaa dakika 5 kwanza ndipo unipe mkono.